Mafuta Yaliyotolewa Kwenye Chupa: Historia ya Kolesteroli Ndani ya Mapafu

Curosurf ni dawa nyeupe kama maziwa. Daktari huimimina kwenye njia ya hewa ya mtoto njiti ambaye mapafu yake yamegoma kufunguka. Ndani ya kichupa chake kuna mafuta yaliyochujwa kutoka mapafu ya nguruwe: fosfolipidi nyingi, na protini mbili ndogo. Kolesteroli haimo. Kwenye mapafu ya nguruwe ilikuwemo, lakini kiwandani imetolewa kwa makusudi.

Sasa jiulize. Ukichota maji yaliyosuuza mapafu ya mtu mzima mwenye afya, ukapima mafuta yake, utakuta kolesteroli karibu asilimia 8 hadi 10 ya uzito. Ng'ombe anayo, kenge anayo, popo anayo, wewe unayo. Kama kila mnyama mwenye mapafu anaibeba, kwa nini watengenezaji dawa waitoe? Na kama ni uchafu tu, kwa nini seli za mapafu zinahangaika hivyo kuipima na kuipanga?

Wengi wetu tukisikia kolesteroli (au lehemu, kama wanavyoiita baadhi ya wataalamu wa afya) tunafikiria chipsi, presha na mishipa ya moyo. Makala hii inaihamishia mapafuni, mahali ambapo kwa miaka mingi wanasayansi waliiona pale pale mbele yao na hawakuijali.

Historia inaanzia Uswisi mwaka 1929, kwenye mapafu ya nguruwe pia, kwa bahati tu. Daktari Kurt von Neergaard alikuwa akijiuliza ni nguvu gani inayoyafanya mapafu yanywee tunapotoa pumzi. Jibu la wakati ule lilikuwa rahisi: mapafu yana nyuzi zinazovutika kama mpira, basi. Yeye akafanya jaribio ambalo hata mwanafunzi wa sekondari angelielewa. Aliyajaza mapafu hewa na kupima presha inayohitajika. Kisha akayajaza kimiminika badala ya hewa, akapima tena. Mapafu ni yale yale na nyuzi ni zile zile, kwa hiyo presha ingepaswa kuwa ile ile. Haikuwa. Kimiminika kiliingia kwa presha ndogo sana kuliko hewa.

Tofauti ilikuwa nini? Hewa ikiwemo ndani, kuna mahali inakutana na unyevunyevu unaopaka kuta za vifuko vya hewa. Pale maji na hewa vinapokutana, molekuli za maji huvutana kwa nguvu, ule mvutano wa uso unaomwezesha mdudu kutembea juu ya dimbwi bila kuzama. Ukijaza kimiminika, mpaka huo wa maji na hewa unatoweka, na mvutano unatoweka nao. Von Neergaard akahitimisha kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayonywesha mapafu inatokana na uso huu mwembamba wa maji, nyuzi zina mchango mdogo. Akaongeza wazo kwamba huenda mapafu yana kitu kinachopunguza mvutano huo.

Hesabu inampa haki. Kifuko kimoja cha hewa kina upana wa takriban theluthi au robo ya milimita, na mtu mzima ana vifuko hivyo milioni 480 hivi. Kadiri kifuko kinavyokuwa kidogo, ndivyo presha ya kukikunja inavyokuwa kubwa. Kama kingepakwa maji matupu, presha ya kukifanya kisisinyae ingekuwa kubwa kiasi kwamba kila pumzi ingekuwa kama kupuliza puto jipya kwa mara ya kwanza. Na vifuko vidogo vingemwaga hewa yao kwenye vikubwa mpaka vijifunge kabisa.

Lakini karatasi ya von Neergaard ilikaa kabatini. Zaidi ya miaka 25 ilipita bila watu wengi kuigusa. Kilichokuja kuifufua, kwa kweli, ni silaha.

Baada ya vita kuu ya pili, serikali za Uingereza na Marekani zilikuwa na maabara za kijeshi zilizochunguza gesi za sumu. Huko Porton Down, Uingereza, alikuwepo mwanafizikia Richard Pattle. Kazi yake ilihusu povu. Mnyama aliyevuta gesi ya fosjini mapafu yake hujaa maji na povu, na Pattle alitaka kupata kitu cha kulivunja. Povu likagoma. Dawa za kuvunja povu zilizofanya kazi kwingineko hapa hazikufua dafu. Akatazama viputo vyenyewe kwa hadubini, akaona jambo la ajabu: kiputo cha kawaida kikiwa ndani ya maji husinyaa na kupotea haraka kwa sababu mvutano wa uso unakibana, lakini viputo vilivyotoka mapafuni vilikaa tu, saizi ile ile. Maana yake mvutano kwenye uso wao ulikuwa karibu na sifuri. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1955.

Ng'ambo ya bahari, kwenye kituo cha jeshi cha Edgewood, Maryland, daktari John Clements alikuwa na swali linalofanana na hilo. Mwaka 1957 alieleza kifaa chake: sinia ndogo yenye kimiminika kilichotokana na mapafu, kipande chembamba cha platini kinachoning'inia juu ya uso kupima mvutano, na kizuizi kinachosogea huku na huko kuutanua na kuubana uso, kama mapafu yanavyofanya. Uso ukitanuliwa, mvutano ulikuwa zaidi ya milinyutoni 40 kwa mita. Ukibanwa, ulishuka hadi karibu 10. Hapo ndipo utamu ulipo: kitu hiki kinashusha mvutano zaidi pale hasa kifuko kinapokuwa kidogo, yaani pale hatari ya kusinyaa inapokuwa kubwa. Kitu chenyewe kikaja kuitwa safaktanti, jina linalotumika kwa kitu chochote kinachofanya kazi juu ya uso wa kimiminika, sabuni ikiwemo.

Mpaka hapo ilikuwa fizikia nzuri tu. Aliyeileta wodini ni Mary Ellen Avery. Alikuwa daktari kijana aliyewahi kuugua kifua kikuu, na ugonjwa huo ukamfanya avutiwe na mapafu. Katika wodi za watoto aliona njiti wakizaliwa, wakilia kidogo, kisha wakianza kukoroma na kuvuta mbavu ndani, na baada ya siku moja au mbili wanakufa. Wakipasuliwa, mapafu yao yalikuwa mazito kama ini, hayana hewa, na ndani yana utando unaong'aa kama kioo. Madaktari wengi waliulaumu ule utando. Avery alimtembelea Clements, akajifunza kutumia sinia yake, kisha akapima mapafu ya watoto waliokufa. Mwaka 1959, yeye na Jere Mead walionyesha kwamba waliokufa kwa ugonjwa huo mvutano wao haukushuka ipasavyo. Tatizo halikuwa kitu kilichoongezeka, lilikuwa kitu kilichokosekana.

Tarehe 7 Agosti 1963 alizaliwa Patrick Bouvier Kennedy, mtoto wa rais wa Marekani, wiki tano na nusu kabla ya wakati, uzito kilo 2.1. Alipelekwa Boston, akawekwa kwenye chumba chenye oksijeni ya presha kubwa. Aliishi saa 39. Leo mtoto wa uzito ule angetarajiwa kwenda nyumbani. Baba yake alikuwa na kila kitu ambacho pesa na madaraka vinaweza kuleta, ila safaktanti ya kuweka kwenye chupa haikuwepo duniani.

Basi kila mtu akataka kujua: imetengenezwa na nini?

Majibu ya kemia yalianza kuja mwaka 1961. Karibu asilimia 90 ni mafuta, iliyobaki ni protini. Mafuta mengi ni fosfolipidi, na mojawapo ndiyo yenye wingi kuliko zote: dipalmitoilifosfatidilikolini. Jina refu kama treni ya mizigo ya reli ya kati, kwa hiyo tufanye kama wenyewe, tuiite DPPC. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta iliyonyooka kabisa. Fikiria kuni. Kuni zilizopinda ukizifunga mzigo zinaacha matundu, ila zilizonyooka zinabanana mpaka upepo haupiti. Mikia ya DPPC imenyooka, hivyo pumzi inapotoka na uso wa kifuko unapopungua, molekuli hizi zinabanana sana, maji hayapati nafasi ya kuvutana, na mvutano unashuka hadi karibu na sifuri.

DPPC ikawa nyota. Kolesteroli nayo ilikuwepo kwenye majedwali ya kemia, ila iliwekwa kundi la "mafuta mengine". Na tusiwalaumu sana. Ili kupata safaktanti unasuuza mapafu kwa maji ya chumvi, na ukisuuza unachukua pia vipande vya seli zilizokufa na damu kidogo, na vyote hivyo vina kolesteroli. Ilikuwa rahisi kuichukulia kama mchanga kwenye mchele.

Kama DPPC ndiyo kila kitu, tiba ni rahisi: itengeneze, mpulizie mtoto. Walijaribu miaka ya 1960. Matokeo yakakatisha tamaa. Sababu inaeleweka ukiwahi kuona mafuta ya nazi. Dar es Salaam yanamiminika kama maji, ukiyapeleka Njombe mwezi wa saba yanaganda kwenye chupa mpaka uyachokonoe kwa kijiti. Kila mafuta yana joto lake la kuganda. La DPPC ni nyuzijoto 41, na mwili wetu uko 37. Yaani DPPC tupu ndani ya mtu imeganda. Inabanana vizuri sana ikishafika kwenye uso, lakini kufika na kusambaa upya kila pumzi, mara 40 au zaidi kwa dakika kwa mtoto mchanga, inashindwa. Mapafu yanataka kitu kigumu pumzi inapotoka na kinachotiririka pumzi inapoingia. Hayo ni mahitaji mawili yanayogombana.

Kinachosuluhisha ugomvi huo ni vile vilivyoitwa vya pembeni: fosfolipidi zenye mikia iliyopinda, protini mbili ndogo za SP-B na SP-C, na kolesteroli. Molekuli ya kolesteroli ni kibao kigumu chenye pete nne na mkia mfupi. Ikijipenyeza katikati ya mikia iliyobanana ya DPPC inaivuruga kidogo, mafuta yaliyoganda yanalegea. Ikijipenyeza katikati ya mafuta yaliyolegea sana, kile kibao kinayakaza. Ndiyo maana utando wa kila seli ya mnyama unaitumia. Lakini ikizidi, uso ukibanwa unavunjika mapema na mvutano haushuki tena. Kipimo ndicho kila kitu.

Mafanikio ya tiba yalikuja kwa njia mbili tofauti, na zote zinatuhusu. Ya kwanza ilitokea New Zealand. Graham Liggins alikuwa akiwadunga homoni za steroidi vitoto vya kondoo tumboni ili kujua kinachoanzisha uchungu. Mwana-kondoo mmoja aliyezaliwa mapema mno kuweza kuishi alikutwa mapafu yake yana hewa. Steroidi ilikuwa imeharakisha kukomaa kwa mapafu, na utengenezaji wa safaktanti pamoja nayo. Yeye na Ross Howie wakajaribu kwa akina mama 282 waliokuwa katika hatari ya kujifungua mapema, wakachapisha mwaka 1972: ugonjwa wa kushindwa kupumua ulishuka kutoka karibu asilimia 26 hadi asilimia 9 ya watoto.

Kwetu huku njia hii ilipita kwenye mabonde. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika nchi sita zikiwemo Kenya na Zambia, ulisambaza sindano za steroidi hadi vituo vya chini na haukuonyesha faida, ukazua hata wasiwasi wa madhara. Shirika la Afya Duniani likarudia kwa uangalifu zaidi, katika hospitali zenye uwezo wa kumhudumia njiti na kupima umri wa mimba, Kenya ikiwemo tena. Matokeo ya mwaka 2020: vifo vya watoto wachanga asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni, asilimia 23.5 kwa wasiopata. Ampuli ya deksamethasoni ni bei rahisi. Kichupa cha safaktanti si mchezo, na bila mtu wa kuingiza mpira kwenye koo la mtoto wa kilo moja, hakina kazi.

Njia ya pili ni kichupa chenyewe. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake huko Akita, Japani, waliwapa watoto 10 safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na hali zao zikabadilika ndani ya saa chache. Baada yake zikafuata nyingine, mojawapo ikiwa Curosurf iliyotengenezwa na Tore Curstedt na Bengt Robertson wa Sweden. Ukitazama silabi za mwanzo za majina yao utajua jina la dawa lilitoka wapi. Wakati wa kusafisha, kolesteroli ilitolewa. Kwenye sinia la maabara uamuzi huo una mantiki, kwa sababu kolesteroli iliyozidi inaharibu vipimo. Na dawa ilifanya kazi. Watoto walipona. Kwa nini mtu arudi kuuliza habari za kitu kilichotupwa?

Waliouliza walikuwa Adelaide, Australia, na walimuuliza mnyama. Sandra Orgeig na Chris Daniels walikuwa wakilinganisha mapafu ya wanyama mbalimbali. Kuna mmoja mwenye mfuko wa kubebea watoto kama kangaruu, mdogo kama panya, anaitwa dunnart. Chakula kikiadimika na baridi ikiingia, mnyama huyu anazima injini: joto la mwili wake linashuka sana kwa saa kadhaa, kisha anajipasha tena. Sasa rudi kwenye mafuta ya nazi. Kama safaktanti iko karibu kuganda hata kwenye nyuzijoto 37, mnyama aliyepoa namna ile angepaswa kushindwa kupumua. Hashindwi. Walichokuta miaka ya 1990 ni kwamba ndani ya saa chache za usingizi huo, kiwango cha kolesteroli kwenye safaktanti yake kinapanda. Mijusi waliopoa nao walionyesha mabadiliko ya namna hiyo.

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jaribio zuri kuliko yote katika habari hii, na linatajwa kidogo mno. Uchafu haupandi na kushuka kufuata joto la mwili. Kitu kinachopanda na kushuka kwa saa kina mtu anayekiendesha.

Anayekiendesha ni nani? Twende kwenye seli.

Kuta za vifuko vya hewa zina seli za aina mbili. Aina ya kwanza ni bapa kama chapati, zinafunika karibu asilimia 95 ya eneo, na hewa inapita humo. Aina ya pili ni nene, zimejibanza kwenye kona na kufunika asilimia 5 tu, na hizo ndizo kiwanda. Ndani yake mafuta yanaundwa, yanasukumwa na pampu iitwayo ABCA3 hadi kwenye vifurushi vya tabaka nyingi, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Watoto wanaozaliwa na hitilafu mbaya kwenye jeni ya pampu hiyo hushindwa kupumua hata wakizaliwa kwa wakati. Hilo lilijulikana mwaka 2004. Vifurushi vinasubiri ishara, na ishara mojawapo ni kuvutwa. Mwaka 1990 Wirtz na Dobbs walionyesha kwamba kuivuta seli hii mara moja tu kunatosha kuifanya imwage vifurushi vyake. Ile pumzi ndefu unayovuta bila kujua, hata ukiwa umelala, inaamsha kiwanda.

Fosfolipidi seli inatengeneza yenyewe. Kolesteroli, kwa sehemu kubwa, haitengenezi. Tafiti za mapafu ya panya mwishoni mwa miaka ya 1970 zilionyesha kwamba nyingi inatoka kwenye damu, imebebwa na vile vifungashio tunavyovisikia kwenye majibu ya vipimo, LDL na HDL. Na hapa historia ya mapafu inakutana na historia ya moyo. Michael Brown na Joseph Goldstein, wa Dallas, ndio waliogundua mlango ambao LDL inaingilia kwenye seli, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1985. Baadaye kundi lao likaeleza jinsi seli inavyojua ina kolesteroli kiasi gani. Ni kama kiboya ndani ya tenki la maji. Kolesteroli ikipungua kwenye utando wa ndani wa seli, protini iitwayo SREBP inaachiwa, inakatwa, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kutengeneza mafuta na za kuongeza milango ya LDL. Tenki likijaa, protini nyingine ya INSIG inaishikilia SREBP isiondoke, na bomba linafungwa. Watafiti wa Cincinnati walipoondoa INSIG kwenye seli za aina ya pili za panya, bomba likabaki wazi, mafuta yakarundikana na mapafu yakaumia.

Kuingia kuna mlango, na kutoka kuna mlango. Upande wa damu wa seli ya aina ya pili kuna pampu ya ABCA1 inayorudisha kolesteroli iliyozidi kwa HDL. Kwa hiyo seli hii imesimama katikati: inapokea kolesteroli kutoka kwenye damu, inapeleka kiasi kwenye safaktanti, inarudisha ziada. Safaktanti iliyochoka inarudi, sehemu inamezwa tena na seli ya aina ya pili na kutumika upya, na sehemu inaliwa na makrofeji, zile seli za ulinzi zinazotambaa ndani ya vifuko kama wafagiaji.

Wafagiaji hao ndio waliofunua siri kubwa zaidi, kupitia ugonjwa ulioeleweka vibaya tangu jina lake. Mwaka 1958 Rosen, Castleman na Liebow walieleza wagonjwa 27 ambao vifuko vyao vya hewa vilijaa kitu cheupe. Wakauita ugonjwa wa protini mapafuni, na jina limebaki hadi leo ingawa kitu chenyewe ni safaktanti, yaani mafuta zaidi kuliko protini. Tiba iliyopatikana miaka ya 1960 inatisha kuisikia: mgonjwa analazwa usingizi, pafu moja linapumua, jingine linajazwa maji ya chumvi na kusuuzwa, lita baada ya lita, mpaka maji yanayotoka kama maziwa yawe meupe kidogo kidogo na hatimaye safi.

Chanzo kilipatikana kwa kubahatisha. Mwaka 1994 makundi mawili yalitengeneza panya wasio na GM-CSF, homoni iliyodhaniwa kuwa ya kutengeneza chembe za damu. Damu yao ikawa karibu sawa kabisa. Mapafu yakajaa safaktanti. Mwaka 1999 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba wagonjwa wengi wana kingamwili zinazoishambulia GM-CSF yao wenyewe. Bila homoni hiyo makrofeji hazikomai, hazifagii.

Lakini hazifagii nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa "safaktanti", kwa ujumla. Kisha dalili zikaanza kuelekea upande mmoja. Panya wasio na ABCG1, pampu inayotoa kolesteroli kwenye makrofeji, walijaa mafuta mapafuni, kama ilivyochapishwa mwaka 2006. Makrofeji za wagonjwa zikakutwa na upungufu wa pampu hiyo hiyo. Mwaka 2017 na 2018 watafiti wa Cincinnati na wenzao wakalisema wazi: kinachoishinda makrofeji isiyo na GM-CSF ni hasa kolesteroli. Fosfolipidi inaweza kuivunjavunja, lakini kile kibao cha pete nne hakuna seli ya mwili wetu inayoweza kukivunja. Njia pekee ni kukitoa nje, na mlango umefungwa. Kinarundikana, seli inavimba na kupoteza uwezo wa kumeza, safaktanti mpya inaendelea kumwagwa, kifuko kinajaa. Watafiti hao wakatoa pia taarifa ya wagonjwa wawili waliopewa statini, vidonge vile vile vya kolesteroli vinavyouzwa kwa wagonjwa wa moyo, na mapafu yao yakaanza kusafika. Wawili ni wachache, hilo lazima lisemwe. Kwa wakati huo huo njia ya kuvuta GM-CSF kwa mvuke ilikuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wengi zaidi, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba oksijeni inapita vizuri zaidi.

Kuna kundi jingine huko Calgary, Kanada, lililopima safaktanti ya wagonjwa mahututi ambao mapafu yao yamefurika baada ya majeraha au maambukizi. Kolesteroli ilikuwa juu ya kawaida, na mvutano haukushuka. Walipoitoa kwa sukari ya umbo la pete inayonasa kolesteroli, utando ukaanza kufanya kazi tena kwenye maabara. Hii inaweza kuwa sehemu ya sababu inayofanya safaktanti ya chupa, iliyookoa njiti wengi, ishindwe kupunguza vifo ilipojaribiwa kwa watu wazima: unamimina mafuta mazuri juu ya bwawa ambalo tayari lina kolesteroli na protini za damu zilizovuja.

Na kichupa? Curosurf bado haina kolesteroli. Infasurf, inayotokana na mapafu ya ndama, ilibakiziwa ya kwake. Zote mbili zinawafungua mapafu watoto njiti. Kinachowezesha hilo ni kwamba dawa haikai juu ya uso tu. Mtoto mchanga hurejesha sehemu kubwa ya safaktanti yake badala ya kuitupa, na ile aliyomiminiwa inamezwa na seli zake za aina ya pili, inapangwa upya kwenye vifurushi na kumwagwa tena. Kolesteroli ya kuongezea iko pale pale nyuma ya ukuta, kwenye damu yake, na kiboya kinapima.